Kitufe Kile cha Kijivu

Kwenye kioo cha kompyuta hakuna kitufe cha kubonyeza. Kuna kioo tu, kimelala bapa kama meza. Lakini kampuni ya NeXT ya Steve Jobs ilipoonyesha kompyuta yake mwaka 1988, vitufe vya kwenye kioo vilionekana vimetuna kabisa, kidole kinawasha kutaka kuvigusa. Ujanja wenyewe mdogo mno. Chora mstatili wa kijivu. Juu na kushoto pitisha mstari mweupe, chini na kulia mstari mweusi. Basi! Jicho limezoea mwanga utokao juu. Likikuta weupe juu na kivuli chini, linaamini kitu kimeinuka. Geuza mistari hiyo na kitufe kinazama.

Kwenye kompyuta hiyohiyo ya NeXT, huko CERN karibu na Geneva, Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990. Kurasa zake zilikuwa maandishi kwa maandishi. Mwaka 1993 akina Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa Mosaic, na picha ikaweza kukaa ndani ya ukurasa pamoja na maneno, tena ukiibonyeza inakupeleka kwingine. Hapo ndipo kila mwenye tovuti alipotaka vitufe vyake mwenyewe. Vile vidogo vya pikseli 88 kwa 31 vikajaa kila mahali, na Netscape ilivitumia kujitangaza.

Sasa, nani alikuwa na uwezo wa kuvichora? Hapa ndipo historia inaponigusa. Photoshop ilianza 1987 kwa Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyetaka tu kompyuta yake ya Macintosh Plus ionyeshe rangi za kijivu. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi kwenye sinema, akaona biashara. Adobe wakaitoa 1990, na mwaka 1994 ikapata matabaka: kivuli tabaka lake, maneno tabaka lake, ukikosea neno huharibu kitufe kizima. Kitu kitamu, ila bei yake ilikuwa mamia ya dola.

Hata faili lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Vitufe vingi vilihifadhiwa kwa GIF, muundo wa CompuServe wa 1987. Mwishoni mwa 1994 Unisys wakasema kanuni inayobana picha hizo ni hataza yao, wanaotengeneza programu walipe. Watu waliudhika, wakabuni PNG, iliyokamilika 1996. Hataza ya Marekani iliisha 2003.

Wanaonifurahisha mimi ni vijana wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Walikuwa wanafunzi, na mwaka 1995 wakaanza kuandika programu yao ya picha, GIMP. Mwaka uliofuata wakaitoa bure. Baadaye ikawekewa vijiprogramu: unaandika neno, unachagua rangi, mashine inakuchorea kitufe chenye kingo, mwanga na kivuli. Kazi ya saa nzima ikawa ya sekunde. Wachoraji wengine walinuna, nami siwalaumu.

Kuanzia 2013 Adobe waliamua matoleo mapya ya Photoshop yalipiwe kwa kukodi. Mwaka huohuo Apple nao wakafuta kingo na vivuli kwenye simu zao, vitufe vikarudi kuwa bapa, vingine maneno matupu. Siku hizi kivuli cha kitufe huandikwa kwa mstari mmoja wa msimbo, bila picha yoyote.

Mimi sijavuka sekondari, na hela ya kukodi programu kila mwezi sina. Jalada la hadithi yangu nalichora kwa GIMP, kwenye kompyuta ya kuazima, usiku ambao mwenyewe haihitaji. Kwenye kona ya jalada nimeweka kitufe cha kijivu, weupe juu, weusi chini. Rafiki yangu alipokiona karatasini alikigusa kwa kidole.