Namba isiyoingia kwenye biti 64

Sisi waandishi wa programu tumezoea kudhani kwamba biti 64 zinatosha kuhifadhi namba nzima yoyote ya maana. Haya, jaribu hii: 320 ikifuatwa na sufuri 18. Haiingii!

Hiyo ndiyo nishati, kwa elektronivolti, ya chembe moja ndogo kuliko atomu iliyoingia katika anga ya Utah, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1991. Ni kama jouli 51, sawa na jiwe la nusu kilo lililoangushwa kutoka mita 10.

Waliipimaje? Hakuna mtambo ulioigusa. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimo. Mwale wa kosmiki ukigonga atomu huko juu, huzaa chembe nyingine, nazo huzaa nyingine, hadi zikawa mabilioni. Zikipita, huchangamsha naitrojeni, nayo hutoa mng'ao hafifu wa urujuanimno. Jumlisha mng'ao wote njiani, nawe utaikadiria nishati.

Miongoni mwa waasisi wa mbinu hii ni Kenneth Greisen wa Chuo Kikuu cha Cornell. Miaka ya 1960 kundi lake lilijaribu kuunasa mng'ao huo kwa lenzi, likashindwa. Vifaa vilikuwa vidogo, na anga ya jimbo la New York ina unyevu na mawingu mengi. Wazo lilikuwa sahihi, mazingira ndiyo yaliyokataa.

Mwaka 1976 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Utah walipeleka vioo vyao Volcano Ranch, kwenye jangwa la New Mexico, ambako John Linsley alikuwa na vihisi vya ardhini. Vioo na vihisi vikaona matukio yale yale. Mbinu ikathibitika. Mwaka 1981 mtambo wao wa Fly's Eye, yaani jicho la nzi, ukaanza kazi Utah: vioo 67 na vihisi 880, kila kihisi kikitazama kipande chake cha anga, usiku usio na mbalamwezi wala mawingu.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mwaka 1966 Greisen huyo huyo, na kando yake Zatsepin na Kuzmin wa Umoja wa Kisovyeti, walipiga hesabu kwamba chembe itokayo mbali sana haiwezi kutufikia ikiwa na nishati inayozidi sana 50 na sufuri 18. Itagongana njiani na mwanga uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu na kupungukiwa nguvu. Kumbe mbinu aliyoiasisi ikaja kunasa chembe iliyopita kikomo chake mara sita!

Nakiri, mimi ningeifuta rekodi hiyo nikidhani ni hitilafu ya programu. Wao waliihoji, na mwaka 1995 wakaichapisha pamoja na shaka yake: 320, kosa likiwa 90 juu au chini. Hata ukiondoa 90, kikomo kimevukwa.

Vipimo vikubwa vya baadaye, Pierre Auger huko Argentina na Telescope Array huko Utah, vimeonyesha kwamba miale hupungua ghafla karibu na kikomo kile. Greisen hakukosea. Lakini tarehe 27 Mei 2021 vihisi vya ardhini vya Telescope Array vilinasa chembe nyingine, ya takriban 240 na sufuri 18. Ilikotoka, hadi leo hakuna ajuaye.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukikuta namba ya ajabu kwenye data yako, usiifute kwanza. Ihoji.