Saa iliyomo mwilini: jinsi seli inavyohesabu usiku na mchana

Mlinzi aliyekesha langoni hurejea nyumbani asubuhi akiwa hoi, hujilaza, na bado usingizi humpiga chenga. Kelele za mtaa si kisa pekee. Karibu kila seli ya mwili wake ina saa yake, na saa hiyo imekwisha kutangaza kwamba kumekucha.

Dalili ya kwanza ya saa hii ilionekana kwenye mmea. Mwaka 1729 mwanafalaki wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliufungia gizani mmea wa jamii ya kifauongo. Majani yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku, ingawa hayakuliona jua. Swali la nini kinachoyahesabia muda lilisubiri zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1971, Ronald Konopka na Seymour Benzer wa Taasisi ya Teknolojia ya California walipata inzi wa matunda wa aina tatu zisizo za kawaida: wenye siku ya saa 19, wenye siku ya saa 28, na wasio na mpangilio wowote. Kasoro zote tatu zilikuwa katika jeni moja, iliyopewa jina Period. Mwaka 1984 jeni hiyo ilitengwa na Jeffrey Hall na Michael Rosbash wa Chuo Kikuu cha Brandeis, na pia na Michael Young wa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Utendaji wake ni wa kustaajabisha kwa urahisi wake. Jeni ya Period hutoa maagizo ya kutengeneza protini iitwayo PER. Protini hiyo hujilimbikiza usiku, hushikana na mwenzake aitwaye TIM, kisha wawili hao huingia katika kiini cha seli na kuizima jeni ileile iliyoizaa PER. Jeni ikizimwa, hakuna PER mpya inayotengenezwa. Iliyopo huchakaa na kuvunjwa, na kizuizi kikiondoka jeni huwaka tena. Mzunguko mmoja ni siku moja.

Lakini kujizima huku kungeweza kukamilika kwa muda mfupi tu. Kinachourefusha hadi kukaribia saa 24 ni ucheleweshaji. Kimeng'enya kimoja huibandika PER vipande vya fosfati vinavyoifanya ivunjwe mapema, hivyo haiwezi kurundikana kwa haraka. Ukitaka kusema saa hii imeundwa kwa uvivu uliopimwa vema, hutakuwa mbali na ukweli.

Kwa binadamu mpango ni uleule, ila washiriki wamebadilika kidogo: protini CLOCK na BMAL1 huwasha jeni, nazo PER na CRY hurudi kuzizuia. Kosa dogo hapa huonekana waziwazi. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza habari za familia moja ambayo watu wake hulala mapema mno jioni na kuamka usiku wa manane ukiisha tu, kabla hata ya alfajiri. Chanzo kilikuwa badiliko la herufi moja katika jeni ya PER2, mahali hasa panapobandikwa fosfati.

Saa hizi zote husawazishwa na kundi la takriban neva 20,000 lililo ubongoni, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Kundi hilo hupokea habari za mwanga moja kwa moja kutoka machoni. Ini, kwa upande wake, hufuata sana saa za mlo. Mfanyakazi wa zamu anayekula saa nane usiku huliambia ini kuwa ni mchana, ilhali ubongo, uliolizoea jua, unashikilia kuwa ni usiku. Viungo vya mtu mmoja vinaishi katika saa tofauti.

Mvutano huo si wa kupuuzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na likaurudia uamuzi huo mwaka 2019. Kwa wauguzi, walinzi na madereva wasio na hiari ya kuacha zamu, wataalamu wa usingizi hushauri kuvaa miwani ya jua wakati wa kurudi nyumbani asubuhi, na kulala katika chumba chenye giza totoro, ili mwanga wa asubuhi usiendelee kuisukuma saa upande wa mchana.