Misingi ya usimamizi wa fedha katika kampuni: kwa nini faida pekee haitoshi

Katika mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma hukabiliwa na maswali yale yale yanayozikabili kampuni kubwa: fedha ziwekezwe wapi, zipatikane kutoka wapi, na faida itumiwe vipi.

Faida na fedha taslimu

Kampuni inaweza kupata faida na bado ikafilisika. Tuseme karakana imeuza milango kwa faranga 3,000,000, nayo gharama yake ilikuwa 2,200,000. Daftari litaonyesha faida ya 800,000. Lakini ikiwa mteja atalipa baada ya siku 60, ilhali muuza vyuma na mafundi wanadai mwisho wa mwezi, faida hiyo haitalipa deni lolote kwa wakati. Fedha za kuziba pengo hilo ni sehemu ya mtaji wa kuendeshea shughuli. Njia mojawapo ya kulipunguza ni kudai malipo ya awali kabla ya kazi kuanza.

Uamuzi wa kuwekeza

Faranga ya leo ina thamani kuliko ya mwaka ujao. Tuseme mashine ya faranga 6,000,000 itaingiza 2,000,000 kila mwisho wa mwaka, kwa miaka 4, baada ya kutoa gharama za kuiendesha. Jumla ni 8,000,000, na kwa haraka biashara inaonekana nzuri. Hata hivyo, ikiwa fedha za kuinunua zinagharimu riba ya asilimia 15 kwa mwaka, mapato hayo yote kwa thamani ya leo ni takriban 5,710,000. Mashine hiyo italeta hasara ya karibu 290,000. Hesabu hii hufanywa kabla ya kutia saini mkataba.

Mkopo na hatari zake

Riba hulipwa hata mauzo yakishuka. Wanahisa, kwa upande wao, hubeba hasara pamoja na kampuni, lakini hudai sehemu ya faida na sauti katika maamuzi. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, moto uliteketeza soko kuu la Bujumbura. Wafanyabiashara wengi walipoteza bidhaa walizozinunua kwa mikopo ya benki, na wengi hawakuwa na bima. Mali iliteketea, deni likabaki.

Hatari nyingine ni thamani ya sarafu. Mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na bei rasmi ya dola moja ikapanda kutoka takriban faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Anayeuza bidhaa za nje kwa bei ya zamani huona faida katika daftari, kisha hushindwa kununua shehena mpya ya kiasi kile kile.

Faida itumiwe vipi

Faida hugawanywa baada ya kutenga fedha za madeni yanayokaribia kulipwa, za matengenezo na za akiba ya dharura. Fedha za kampuni hazipaswi kuchanganywa na za nyumbani, na mwenye kampuni hujilipa mshahara unaojulikana. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kampuni, daftari hilo lioneshe pia tarehe ambayo kila faranga itaingia na tarehe ambayo itatoka.