Nyimbo za Visa za Waskoti na Kina Mama Waliozihifadhi

Mwezi Juni 2025 Waziri Kiongozi wa Uskoti, John Swinney, aliiomba radhi bungeni Edinburgh kaumu ya Wasafiri, watu wa kuhamahama, kwa jinsi walivyolazimishwa zamani kuacha maisha yao. Na apendaye nyimbo za kale za visa hakosi kukumbuka kwamba hazina kubwa ya nyimbo hizo ilihifadhika vinywani mwa kaumu hiyo iliyodharauliwa.

Asili ya nyimbo hizo ni mbalimbali. Nyingine zilizaliwa mpakani mwa Uskoti na Uingereza, ambako, kabla ya falme hizo mbili kuwa chini ya mfalme mmoja mwaka 1603, koo zilivamiana usiku, zikaporana ng'ombe na kulipizana kisasi. Ndiko alikotoka Johnnie Armstrong, aliyenyongwa mwaka 1530 kwa amri ya Mfalme James wa Tano. Nyingine zasimulia mabaharia waliozama, dada aliyemwua nduguye kwa wivu, na binti aliyemkumbatia mpenziwe asimwachie, ilhali majini wakimgeuza nyoka.

Walter Scott alipochapisha juzuu za kwanza za nyimbo za mpakani mwaka 1802, alizuru bonde la Ettrick, akaghaniwa utungo mmoja na Margaret Laidlaw, mama wa mchunga kondoo na mshairi James Hogg. Kwa mujibu wa Hogg, bwana yule alipouliza kama utungo huo umepata kuchapwa, bibi alimkabili bila hofu: nyimbo zake hazikuwahi kuchapwa mpaka yeye Scott alipozichapa na kuziharibu, kwani zilitungwa ziimbwe, si zisomwe, sasa hazitaimbwa tena, na zaidi ya hayo zimeandikwa kwa makosa. Naona bibi alinena haki, maana hata Francis James Child, mwanachuoni wa Harvard aliyezichapisha 305 kati ya 1882 na 1898, aghalabu alitoa maneno bila sauti zake.

Lakini kuimbwa hazikuacha. Mwaka 1953 Hamish Henderson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alibisha hodi Aberdeen kwa Jeannie Robertson, mwanamke wa kaumu ya Wasafiri, akakuta nyimbo hizo zi hai, maneno na sauti pamoja, kama alivyozirithi kwa mamaye. Bibi huyo alitunukiwa nishani mwaka 1968, akafariki 1975. Scott amejengewa mnara wa takriban mita 61 katikati ya Edinburgh. Margaret Laidlaw na Jeannie Robertson wastahili walau kufundishwa kwa majina yao katika kila skuli ya nchi ile.