Anjiografia ya moyo: Picha ya mishipa, wala si tiba

MGONJWA wa moyo kutoka Busia au Malaba anapoelezwa na daktari kwamba anahitaji anjiografia, mara nyingi jambo la kwanza kumjia akilini ni kisu. Hofu hiyo haina msingi. Anjiografia si upasuaji, na wala si tiba. Ni uchunguzi wa eksirei unaoonyesha mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu, ili ijulikane ni upi ulioziba, mahali gani na kwa kiasi gani.

Njia ya kuufikia moyo ilifunguliwa na daktari Mjerumani, Werner Forssmann. Mwaka 1929 alijitia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono, akausukuma hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei. Mwaka 1956 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Picha za mishipa ya moyo zenyewe zilipatikana kwa bahati tu mwaka 1958 huko Cleveland, Marekani, dawa iliyokusudiwa mshipa mkuu ilipomiminika katika mshipa wa kulia wa moyo. Daktari Mason Sones alidhani mgonjwa angekufa. Hakufa.

Siku ya uchunguzi mgonjwa hukaa saa kadhaa bila kula. Hudungwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, na katheta, yaani mpira mwembamba, hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Yeye huwa macho muda wote. Dawa yenye ayodini inapoingizwa ili mishipa ionekane, joto humpanda mwilini, na wengine hudhani wamejikojolea. Si dalili ya hatari. Kwa kawaida kazi yote haizidi saa moja.

Dawa hiyo, hata hivyo, huweza kuzielemea figo. Aliye na ugonjwa wa figo, kisukari au pumu, anayemeza metformin au dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, au aliyewahi kudhurika kwa dawa ya eksirei, hana budi kusema mapema. Mjamzito vilevile. Madhara makubwa, kama vile kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo, huwapata wachache, chini ya mmoja kati ya 100.

Penye utata zaidi ni matokeo. Mshipa uliopungua upana kwa asilimia 70 au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeziba vibaya. Hapo daktari huchagua kati ya dawa pekee, kuupanua mshipa na kuacha stenti ndani yake, au upasuaji wa kuunda njia mpya ya damu. Stenti huweza kuwekwa papo hapo, na ndiyo sababu wengi hurudi nyumbani wakidhani kupigwa picha kumewaponya. Ni busara kuuliza kabla ya kulala kitandani: kikionekana kizibo, kitazibuliwa leo, na kwa gharama gani? Aliyewekewa stenti akiacha dawa zake bila idhini, damu yaweza kuganda ndani yake na kumletea mshtuko wa moyo.

Si kila mgonjwa wa moyo anayehitaji uchunguzi huu. Kijana ambaye vali zake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi huhitaji kwanza kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho ni nafuu mno.

Kwa mkazi wa mpakani, Kampala ni karibu kuliko Nairobi: takriban kilomita 200 dhidi ya zaidi ya 400. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, ina chumba cha uchunguzi huu tangu mwaka 2012. Nairobi hufanywa katika hospitali kama Aga Khan, Mater na Nairobi Hospital. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya Kenya iko chini ya SHA, hivyo kiasi itakachogharimia, na hospitali itakayokilipia, ni vyema vijulikane kabla ya nauli kutumika.

Aliyepitishiwa katheta kinenani hulala chali saa kadhaa. Wa mkononi huinuka mapema. Mwendeshaji wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa mpakani huko huko, aulize ni lini anaweza kurejea barabarani, na mbeba magunia asinyanyue mzigo kwa siku kadhaa. Damu ikichuruzika, pakandamizwe kwa nguvu na msaada utafutwe mara moja. Nakala ya picha iombwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa daktari wa Busia ataihitaji.