Buni ya Kutafuna na Udugu wa Karagwe

Wako watu wasemao ya kuwa kahawa ililetwa Karagwe na Wazungu. Sivyo, wao walileta mbegu ya arabika tu. Kabla Speke na Grant hawajafika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, Wanyambo, kama jirani zao Wahaya, walikuwa wakitafuna kahawa. Waarabu wa Kafuro, waliomkaribisha Stanley mwaka 1876, ni wa taifa likaangalo buni, likaitwanga na kuichemsha kama Waturuki; bali nyumbani kwa wenyeji, Ihembe na kwingineko, buni huchumwa mbichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa. Mgeni hupewa punje chache atafune.

Tena zamani tunda hili lilikuwa muhuri wa omukago, yaani udugu wa kuchanjiana. Tunda moja lina mbegu mbili: kila mtu aliipaka yake damu ya tumboni mwake, mwenzake akaimeza. Baada ya hapo, amsalitiye nduguye aliaminiwa kujiletea laana.

Damu hiyo hatuitetei. Lakini sisi walimu tukiidharau buni apewayo mgeni, twatupa msaada ulio tayari mikononi mwetu. Maana tufundishapo agano, wasikiao wamekwisha kujua kwamba tunda moja huwafunga wawili.