Runinga ya Kidijitali Kwale
Runinga ya kidijitali Kwale ni mfumo wa kupokea televisheni uliochukua nafasi ya analogia katika kaunti hii, kuanzia Diani hadi Msambweni na Vanga. Nchini Kenya ulizinduliwa Desemba 2009 kupitia Signet, kampuni tanzu ya shirika la utangazaji la KBC.

Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogia ya NTV, KTN, Citizen na QTV, stesheni zilizotaka kujirushia matangazo ya kidijitali zenyewe. Zikatoweka hewani hadi mapema Machi. Tangu hapo antena peke yake haitoshi. Sharti kuwe na king'amuzi, au runinga yenye kipokezi cha DVB-T2, na gharama ilimwangukia mtazamaji: mvuvi wa Vanga sawa na mwenye hoteli wa Diani.

Faida ya mfumo huu ni kubwa pia, kwani masafa yaliyobeba chaneli moja sasa hubeba nyingi.

Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa 2009, zilifungua mlango wa pili: video za mtandaoni. Arusi ya Msambweni sasa hurushwa mubashara kwa simu, na pesa za matangazo ya biashara huwafuata watazamaji huko. Kwa hiyo vyombo vikubwa vya habari vya Nairobi vimepunguza wafanyakazi. Waandishi wa habari wa mashinani, ambao wengi hulipwa kwa kila habari iliyotumika, ndio walio hatarini zaidi.